Uganda na Kongo: Picha za milima ya Rwenzori na swali la nani aliye mbunifu

Mpiga picha wa mandhari hawezi kuusogeza mlima, wala kuliamuru jua lichomoze au ukungu uondoke. Ndiyo maana watu wengi hudhani kwamba yeye hunakili tu kilichopo mbele yake, na kwamba ubunifu ni karama ya watu wenye msukumo wa ghafla, kama washairi na wachoraji. Historia ya picha za Rwenzori, milima iliyo mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inaonyesha kuwa dhana hiyo haina msingi.

Mwaka 1906 msafara wa Mwanamfalme Luigi Amedeo wa Italia ulifika katika kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109. Mpiga picha wake alikuwa Vittorio Sella, mzaliwa wa mji wa Biella. Sehemu kubwa ya mwaka Rwenzori hufunikwa na mawingu na mvua, na kamera za wakati huo zilikuwa nzito. Sella alijulikana kwa subira na mpangilio: alichagua mahali pa kusimama, akangoja anga lifunguke, kisha akapiga picha kadhaa zilizounganishwa kuwa moja pana. Hadi leo mojawapo ya vilele vya milima hiyo kinaitwa kwa jina lake.

Mfano wa tabia iliyo tofauti na hiyo ni Galen Rowell wa Marekani, mpanda milima aliyebeba kamera ndogo na nyepesi. Mwaka 1981, mjini Lhasa huko Tibet, aliuona upinde wa mvua, akakimbia hadi mahali ambapo ungeonekana umegusa Kasri la Potala. Picha hiyo ikawa miongoni mwa picha zake mashuhuri kuliko zote. Mmoja alingoja, mwingine alikimbia, na hakuna anayeweza kusema kwamba mmoja wao hakuwa mbunifu.

Saikolojia inasema nini?

Vipimo vinavyowagawa watu katika makundi ya tabia, kama vile wakimya na wachangamfu, vinapendwa sana. Hata hivyo, wanasaikolojia wengi huvitilia shaka, kwa kuwa watu wengi huangukia katikati, na mtu anayepimwa tena baada ya wiki chache anaweza kujikuta katika kundi jingine. Badala yake, watafiti hupima sifa tano kuu ambazo kila mtu anazo kwa kiasi chake. Sifa inayohusishwa zaidi na ubunifu ni utayari wa kupokea mambo mapya, yaani udadisi, ndoto na kupenda uzuri. Haihitaji mtu awe msemaji, wala haimzuii kuwa mwenye nidhamu.

Katika upigaji picha wa mandhari, ubunifu umo katika uamuzi: kusimama wapi, kungoja saa ngapi, kuingiza nini ndani ya fremu na kuacha nini nje. Mtu mpole huweza kuona kivuli ambacho mwenye haraka hukipita. Naye mwepesi hunasa mwanga unaodumu kwa sekunde chache tu, kabla ya mwenzake kumaliza kufunga kamera juu ya miguu yake mitatu.

Picha zilizogeuka ushahidi

Kwa Rwenzori, jambo hili limezaa matokeo ambayo Sella mwenyewe hakuyatarajia. Wataalamu wanakadiria kwamba mwaka 1906 barafu ya milima hiyo ilienea zaidi ya kilomita za mraba 6. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imebaki takriban kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Kwa jamii ya Wakonzo wanaoishi kwenye miteremko ya milima hiyo, hasara hiyo si ya mandhari peke yake, kwani theluji ya vilele ina nafasi katika imani zao za jadi.

Kwa kuwa Sella alifanya kazi kwa utaratibu, wapiga picha wa zama hizi wameweza kurudi katika maeneo aliyoyapiga picha na kulinganisha. Palipokuwa na barafu nene, sasa pana mwamba mtupu. Kazi iliyofanywa kwa ajili ya uzuri imekuwa kumbukumbu ya kitu kinachotoweka.

Kwa vijana wa ukanda huu wanaoanza kupiga picha kwa simu zao, swali la kuwa mtu wa aina gani halina uzito mkubwa. Lenye uzito ni kuijua tabia yako na kuitumia. Asiyependa haraka na angoje, na mwepesi akimbie, mradi kila mmoja atazame kwa makini kilicho mbele yake kabla hakijabadilika.