Maktaba ya Mteja: Maana na Kazi Yake katika Mawasiliano ya Vifaa

Neno maktaba, lenye asili ya Kiarabu, limepata maana mpya katika taaluma ya kompyuta: ni mkusanyiko wa vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, ambavyo mtunzi wa programu nyingine huvitumia bila kuviandika upya. Mwanafunzi wa Butembo au Beni, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, huweza kupotea hapa. Watunzi wengi wa programu wasemao Kifaransa hukiita kitu hiki librairie, yaani duka la vitabu, kwa kufuata umbo la neno la Kiingereza, ilhali neno sahihi ni bibliothèque. Katika Kiarabu, maktaba ni mahali pa kusomea na pia duka la vitabu. Kiswahili kimeshika maana ya kwanza, kwa hiyo mtego huo haupo.

Mteja naye si mnunuzi. Ni upande unaoomba huduma kwa seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine. Seva zikikodishwa kwa njia ya intaneti, husemwa kuwa huduma iko katika wingu, ingawa mashine zenyewe zimo katika majengo.

Kazi ya maktaba ya mteja hufanana na ya wakala wa forodha. Mfanyabiashara wa Butembo anayepitisha bidhaa Kasindi halazimiki kujua kila fomu. Wakala wake anazijua. Vivyo hivyo, programu ya kifaa husema tu kwamba betri imeshuka. Maktaba ndiyo inayofungua mawasiliano, kuthibitisha utambulisho, kuufunga ujumbe kwa utaratibu unaokubaliwa, na kujaribu tena mtandao ukikatika.

Utaratibu mmoja mashuhuri ni MQTT, uliobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper ili kuchunga mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti, ambako kila ujumbe ulikuwa ghali. Utangulizi wa ujumbe huweza kuwa baiti 2 tu. Aidha, mtumaji huchagua daraja moja kati ya 3 za uhakika: ujumbe ufike mara moja au usifike, ufike angalau mara moja, au ufike mara moja tu.

Uzito wa uchaguzi huo huonekana katika umeme wa jua unaolipwa kidogo kidogo, kama ule ambao M-KOPA ilianza kuuza nchini Kenya mwaka 2012, malipo yakipitia M-Pesa. Katika mfumo wa namna hiyo, amri ya kuwasha ikipotea, jamaa iliyokwisha kulipa hulala gizani. Amri ya “washa” ikifika mara mbili haidhuru. Lakini “ongeza siku 7” ikifika mara mbili huharibu hesabu. Kwa hiyo daraja la pili hutosha kwa amri ya kwanza, na la tatu lafaa kwa ya pili.

Hatimaye, wakala anayejua mlango mmoja tu ni hatari. Google ilipofunga huduma yake ya IoT Core tarehe 16 Agosti 2023, vifaa vilivyoitegemea vilibidi kuhamishiwa kwingine. Maktaba kama Paho, ya Eclipse Foundation, hufuata MQTT bila kufungamana na kampuni moja. Anayeitumia huweza kuhama bila kuandika programu yote upya.