Upangaji wa Muda Mrefu wa Majengo ya Shule za Umma katika Wilaya za Kibondo na Kasulu

1.0 Utangulizi

Wilaya za Kibondo na Kasulu zipo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, zikipakana na Burundi. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012, Kibondo ilikuwa na watu 261,331, Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu 425,794 na Halmashauri ya Mji wa Kasulu 208,244. Katika miaka 10 iliyofuata, idadi ya watu wa mkoa mzima iliongezeka kutoka 2,127,930 hadi 2,470,967. Makala hii inafafanua kwa nini idadi ya vyumba vinavyojengwa kila mwaka si kipimo tosha cha upangaji. Hoja yake ni kwamba mpango wa muda mrefu hauna budi kuongozwa na mambo mawili: mwendo wa makundi ya wanafunzi kutoka ngazi moja hadi nyingine, na umri wa majengo yenyewe.

2.0 Ujenzi wa Vipindi

Shule za umma katika eneo hili hazikujengwa kwa mfululizo, bali kwa mikupuo. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwakusanya Waha, waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika, katika vijiji vilivyohitaji shule. Ulifuata utekelezaji wa Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, kisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza mwaka 2002, na baadaye ujenzi wa sekondari za kata. Elimumsingi bila malipo ilianza Januari 2016. Mwaka 2021, fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilijenga vyumba 15,000 nchini, vikiwamo 3,000 vya shule shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila chumba.

Kila mkupuo ulijibu hitaji la kweli. Hata hivyo, majengo yaliyozaliwa pamoja huzeeka pamoja. Mabati yaliyoezekwa katika kipindi kimoja huanza kuvuja katika kipindi kimoja, na sakafu zilizomwagwa kwa pamoja huchimbika kwa pamoja. Hivyo, mkupuo wa ujenzi wa leo ni mkupuo wa matengenezo wa kesho, ingawa mkupuo huo wa pili haupewi bajeti wakati wa kwanza unapozinduliwa.

3.0 Mtihani wa Mwaka 2028

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unafupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Wanafunzi walioanza Darasa la Tatu mwaka 2024 watahitimu Darasa la Sita mwaka 2027. Mwaka huohuo, waliokuwa Darasa la Nne watahitimu Darasa la Saba. Makundi mawili yatabisha hodi Kidato cha Kwanza Januari 2028.

Chukulia, kwa mfano, kata ambayo kila kundi lina wanafunzi 90. Kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa chumba, kundi moja huhitaji vyumba vitatu. Makundi mawili yatahitaji vitano. Kundi hilo pacha litapanda kidato hadi kidato na kumaliza mwaka 2031. Wakati huohuo, shule za msingi zitakuwa zimeachiwa nafasi ya Darasa la Saba. Nafasi hiyo si ziada: pale ambapo kiwango cha wanafunzi 45 kwa chumba kimepitwa, itapunguza msongamano. Pale ambapo hakijapitwa, na shule za ngazi hizo mbili zinapakana, inaweza kuhifadhi mkondo wa sekondari kwa muda.

Uamuzi huo hauwezi kufanywa na upande mmoja. Katika halmashauri, elimu ya awali na msingi husimamiwa na divisheni moja, na sekondari na nyingine. Kila divisheni ikipanga peke yake, moja itaomba vyumba vipya huku nyingine ikiwa na vyumba vinavyoachwa ng’ambo ya uwanja.

4.0 Gharama ya Kutunza

Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi imekadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 hupelekwa shuleni. Shule ya wanafunzi 500 hupata hivyo shilingi milioni tatu kwa mahitaji yake yote, kuanzia chaki hadi mitihani. Kiasi hicho ni asilimia 15 tu ya gharama ya chumba kimoja kwa bei ya mwaka 2021. Ufa mdogo usiozibwa hugeuka kazi ya kujenga ukuta, na ukuta haujengwi kwa ruzuku hiyo. Mzigo hurudi kwa wananchi, ambao tayari hujitolea matofali, mchanga na nguvu kazi kuinua maboma yanayosubiri kuezekwa.

5.0 Mabadiliko Yasiyotabirika

Historia ya wakimbizi huongeza ugumu. Kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015. Nyarugusu, Kasulu, ipo tangu mwaka 1996. Shule za kambini hufuata mitaala ya Burundi na Kongo, hivyo wanafunzi wake hawamo katika makadirio ya shule za halmashauri. Kambi zikifungwa, majengo na visima vinaweza kubaki. Mpango wa muda mrefu unapaswa kuvikagua mapema, kabla havijaharibika.

6.0 Hitimisho

Mpango unaofaa kwa Kibondo na Kasulu unahitaji daftari moja la majengo kwa kila halmashauri, linaloonesha mwaka wa ujenzi, hali ya paa, idadi ya matundu ya vyoo na chanzo cha maji. Daftari hilo lisomwe sambamba na makadirio ya wanafunzi hadi angalau mwaka 2031, na divisheni zote mbili zikiwa katika kikao kimoja. Aidha, kila mradi wa ujenzi uidhinishwe pamoja na fungu la matengenezo yake. Watoto watakaoingia Kidato cha Kwanza Januari 2028 wamekwisha kuandikishwa; majina yao yamo katika rejista za shule za msingi. Idadi yao inaweza kuhesabiwa sasa.