Cheti cha Kifua Kikuu kwa Mwanafunzi Aendaye Uingereza

Kijana wa Musoma, Bunda au Butiama anapokubaliwa na chuo cha Uingereza, jamaa zake hushughulikia kwanza ada, pasipoti na nauli. Kipimo cha kifua kikuu huachwa hadi mwisho, kikidhaniwa kuwa ni mhuri tu. Dhana hiyo yaweza kumgharimu mwaka mzima wa masomo.

Sheria inataka nini

Mkazi wa Tanzania anayeomba viza ya kukaa Uingereza zaidi ya miezi 6 hutakiwa kuambatisha cheti kinachothibitisha kwamba hana kifua kikuu cha mapafu. Cheti hicho hutolewa na kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Kwa nchi yetu ni ile ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM), Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Musoma. Picha ya kifua iliyopigwa hapa mkoani, hata iwe safi namna gani, haikubaliwi badala yake. Cheti hudumu miezi 6 tangu siku ya kupigwa picha.

Kwa nini upime mapema

Mwenye picha safi na asiye na dalili hupewa cheti bila kukawia. Picha ikitia shaka, hutakiwa kutoa makohozi kwa siku 3 mfululizo, nayo huoteshwa maabara. Bakteria wa kifua kikuu hukua polepole mno, kwa hiyo majibu yaweza kuchukua hadi wiki 8. Anayepimwa mwanzoni mwa Agosti anaweza kupata majibu mwishoni mwa Septemba, masomo yakiwa yamekwisha kuanza.

Kovu la ugonjwa uliotibiwa zamani nalo laweza kutia shaka. Aliyewahi kutibiwa achukue kadi yake ya matibabu na picha za awali. Mjamzito aeleze hali yake kabla ya kupigwa picha, kwani anaweza kuchagua kipimo cha makohozi.

Akikutwa na ugonjwa

Ugonjwa haumfungii mtu mlango wa Uingereza, humchelewesha tu. Dawa hutolewa bure nchini, kwa kawaida kwa miezi 6, kisha mgonjwa hupimwa upya. Wakati huo akiombe chuo kimwahirishie nafasi. Kinachofunga mlango ni udanganyifu: anayewasilisha cheti cha kughushi anaweza kukataliwa viza kwa miaka 10.

Aidha, kipimo hiki si cha VVU. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU asiziache kwa hofu ya viza.

Kwa watumishi wa afya

Mwanafunzi akija na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, tusimpe dawa ya kikohozi na kumtakia safari njema. Tuchunguze makohozi yake hapa hapa kabla hajatumia nauli ya Dar es Salaam. Tukigundua ugonjwa mwezi Januari, huenda Septemba akasafiri akiwa mzima. Tukiunyamazia, tutakuwa tumemnyima masomo, na nduguze anaolala nao chumba kimoja tutakuwa tumewaacha hatarini.

Masharti ya viza hubadilika. Kabla ya kulipa chochote, mwombaji asome maelezo ya serikali ya Uingereza yenyewe, asitegemee maneno ya madalali.