Uganga Sokoni (Sehemu ya Tatu): Mganga Huuza Nini?

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliotolewa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, upo uchawi mmoja ambao wachezaji wenye hamu ya vita huupita bila kuutazama. Kwa kanuni za toleo la tano, mchawi akikaa na kazi hiyo saa 8, mimea yote iliyo nusu maili kila upande wake huzaa maradufu kwa mwaka mzima. Hauchomi mtu wala haufukuzi zimwi. Wiki iliyopita tulihesabu dhahabu ya michezo hii. Leo naomba tuupeleke uchawi huo Nyamarambe, kwetu Mugirango Kusini, tuone kama utapata mnunuzi.

Tuanze na ukubwa wa eneo. Nusu maili kila upande ni duara la ekari 500 hivi. Huku Gusii ardhi imegawiwa wana, kisha wajukuu, hata familia nyingi zinalima ekari moja au mbili tu, na humo humo kuna mahindi, migomba, miwa na majani chai. Kwa hiyo duara moja limemeza mamia ya boma. Mzee mmoja akimwita mchawi na kumlipa, majirani wote watavuna mara mbili bila kutoa hata shilingi. Mwenye akili atangoja jirani alipe, na jirani naye ana akili vilevile. Tuseme basi wamekubali kuchanga, na chifu amesimamia mchango. Msimu ukifika kila mtu ana magunia mawili pale alipokuwa na moja, wote wanateremka sokoni siku moja, na bei inaanguka.

Mchezo wa RuneScape, ulioanza mwaka 2001, una dawa ya tatizo hilo: uchawi wa alkemia unaogeuza bidhaa kuwa sarafu kwa thamani iliyokwisha kuwekwa, hivyo bei ya bidhaa nyingi haishuki sana chini ya hapo. Kazi hiyo huku tumeipa Bodi ya Nafaka na Mazao. Tofauti ni kwamba alkemia hulipa papo hapo.

Sasa tuache michezo, tutazame uganga uliouzwa kweli. Robert LeVine, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi miongoni mwa Abagusii kati ya 1955 na 1957, aliandika juu ya soko lenye mgawanyo wa kazi ulio wazi. Palikuwa na omoragori, mpiga ramli, mara nyingi mwanamke, ambaye mgonjwa au mfiwa alimwendea kuuliza chanzo cha msiba. Palikuwa na omoriori, aliyeingia nyumbani kwa mteja na kufukua sakafuni au kuchomoa kwenye paa vitu vilivyosemekana kufichwa na mrogi. Na palikuwa na omonyamosira, aliyetoa dawa za kukinga boma na, kwa mteja mwenye uchungu zaidi, dawa za kumrudishia mrogi ubaya wake.

Tazama walichouza hao watatu. Wa kwanza aliuza jibu, wa pili ushahidi, wa tatu kinga pamoja na kisasi. Hakuna hata mmoja aliyesimama sokoni akaahidi wimbi maradufu. Hapo ndipo uganga wetu na uchawi wa michezo vinapoachana: ule wa michezoni huzalisha mali, huu wetu hulinda iliyopo, na nadhani sababu zake ni za kibiashara zaidi kuliko za kiimani.

Sababu ya kwanza ni mizani. Mganga akiahidi debe kumi na zikavunwa sita, mteja ana ushahidi mkononi. Lakini mganga aliyeahidi kwamba mwizi hatakuja atapimwa kwa nini? Mwizi asipokuja, dawa imefanya kazi. Akija, aliyemtuma ana dawa kali zaidi, na hiyo ni sababu ya kununua tena. Bidhaa ambayo kushindwa kwake huongeza wateja haipatikani kila siku.

Ya pili ni mpaka. Uchawi wa nusu maili humnufaisha asiyelipa, ila kinga huishia kwenye ua wa mwenye pesa. Pwani wana msamiati mpana wa jambo hili: mwenye nyumba huzindika, mwenye shamba huzika fingo, msafiri huvaa hirizi. Vyote vina mwenyewe, na jirani hafaidiki navyo. Pengine huingiwa na wasiwasi naye akaenda kutafuta chake.

Hata hofu za wafanyabiashara zinafuata mkondo huo. Tanzania, mwenye duka anayeona droo haijai ingawa wateja hawakatiki humshuku mtu wa chuma ulete, uchawi unaosemekana kuhamisha noti kutoka droo moja kwenda nyingine. Angalia kwamba chuma ulete haitengenezi hata senti moja. Pesa ni zile zile, zimebadili mfuko tu. Katika uchumi ambao mtu haoni mali mpya ikizaliwa, utajiri wa jirani huonekana kama hasara yangu, na mwenye dawa ya kuziba tundu hakosi mteja.

Ipo pia kinga ambayo haikuhitaji kununuliwa. Amasangia, kwa imani ya Abagusii, humpata mume mgonjwa ambaye mkewe alitoka nje ya ndoa: mke akimkaribia, ugonjwa huzidi na mume aweza kufa. Kwa mwanamume aliyekwenda kufanya kazi mbali akamwacha mke na shamba nyumbani, huyo alikuwa mlinzi asiyelala wala kudai mshahara. Ila alilinda upande mmoja tu. Mume alipokosa huko alikokuwa, hatari hiyo hiyo haikumfuata mke kitandani. Sheria zinazojitekeleza zenyewe nazo zina mtu aliyezitunga.

Bidhaa ya hatari kuliko zote ni ile ya omoragori, maana jibu lake mara nyingi huwa jina la mtu. Mei 2008, huku Kisii, wazee 11 waliodaiwa kuwa wachawi waliuawa na kuchomewa nyumba zao. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma kama hiyo. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyopitishwa mwaka 1925, haimwandami mganga peke yake. Anayemwajiri mtu ataje mkosaji kwa njia zisizo za kawaida naye ana kosa. Serikali ya kikoloni haikuelewa mengi kuhusu uganga, lakini hapo iliona kwamba mnunuzi ana mkono katika madhara. Nimesikia watu wakitaka sheria hiyo ifutwe kwa kuwa ni ya wazungu. Wangeanza kwa kueleza nani atawalinda wakongwe wenye kipande cha ardhi ambacho wapwa wanakitamani.

Msomaji asidhani tatizo la kupima kinga ni la waganga peke yao. Miaka ya 1960 wakulima wakubwa wa chai huko Kericho na Nandi walichoka kuona mvua ya mawe ikichana majani, wakaanza kurusha roketi kwenye mawingu, kisha ndege za kunyunyizia kemikali. Mawe yakipungua, je, roketi ndiyo iliyafukuza au mwaka ulikuwa mwema? Ni swali lile lile la mwizi asiyekuja. Wataalamu walitumia kumbukumbu za hasara kulitafutia jibu. Angalau walikuwa na daftari, kitu ambacho omonyamosira hakuwa nacho.

Watu wa Nganyi, wavutamvua mashuhuri wa Bunyore kule Vihiga, wamekubali kupimwa. Tangu mwishoni mwa muongo wa 2000 wazee wao wamekaa na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kabla ya msimu. Wazee huleta dalili zao za miti inayochanua, upepo na mienendo ya wadudu. Wataalamu huleta takwimu zao. Kisha wanatoa utabiri wa pamoja. Kama lile duara la ekari 500, mvua nayo si ya boma moja, na hapakutarajiwa kila mkulima alipe kivyake. Gharama za kukutana zilibebwa na wafadhili wa utafiti.

Mwaka 2009 ikaja Kilimo Salama, bima ya mbegu na mbolea iliyoangalia kituo cha hali ya hewa badala ya kukagua shamba. Mvua ilipopungua chini ya kiwango kilichowekwa, fidia ilikuja kwa M-Pesa. Mkulima alinunua kinga kwa ajili yake mwenyewe, na hapohapo palikuwa na kipimo ambacho muuzaji hakuweza kukigeuza baada ya ukame kupita. Omonyamosira hakuwahi kumpa mteja wake kitu cha namna hiyo, ingawa mkulima ambaye shamba lake limekauka huku kituo kikiandika mvua ya kutosha atamwona mwenye bima na mganga kuwa ndugu wa tumbo moja.

Wiki ijayo: msukule, na kwa nini nguvukazi ya bure huwatisha hata wanaoitamani.