Vennbahn: Njia ya baiskeli inayochora mpaka

Tuta la reli ya zamani ya Vennbahn sasa ni njia ya baiskeli ya kilomita 125, kutoka Aachen, Ujerumani, hadi Troisvierges, Luxembourg, ikipitia mashamba na misitu. Kwa kuwa treni haimudu mlima mkali, njia hupanda polepole.

Reli hiyo ilijengwa na Prussia katika miaka ya 1880. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulipoipa Ubelgiji eneo la Eupen na Malmedy, reli iliyolihudumia nayo ikakabidhiwa nchi hiyo, hata ilipokatiza Ujerumani. Treni zimetoweka, mpaka umebaki: vipande 5 vya Ujerumani vingali vimetenganishwa na nchi yao. Huko Roetgen, nyumba za Wajerumani ziko kushoto na kulia, ilhali baiskeli inapita katika ardhi ya Ubelgiji.