Kioo Kipya cha Jicho na Mwaka Wake wa Kwanza

Asubuhi ya pili baada ya upasuaji, muuguzi anabandua plasta, anaondoa kinga ya plastiki na kulisafisha jicho taratibu. Mgonjwa ameisubiri asubuhi hii kwa miezi, pengine kwa miaka. Anafumbua jicho na kukuta ukungu. Mwanga wa dirisha anauona, kivuli cha daktari anakiona, na vidole akinyooshewa karibu anaweza kuvihesabu, ila ndugu aliyemsindikiza bado anamtambua kwa sauti. Machozi yanamtiririka, mwanga unamchoma, na chini ya ukope anahisi mchanga. Hapo wengi huvunjika moyo, na wapo wanaodhani wametapeliwa.

Hawajatapeliwa. Wameponzwa na habari za jirani aliyetolewa mtoto wa jicho, akalala haoni na kesho yake akawa anasoma gazeti. Kupandikizwa konea ni shughuli nyingine kabisa. Upasuaji wenyewe humalizika kwa saa moja au mbili; kupona huchukua mwaka mzima, na mara nyingi mwaka na nusu. Pandikizi zuri lililoshonwa na fundi hodari laweza kuharibika mwezi wa sita kwa sababu chupa ya dawa imekwisha na nauli ya kurudi kliniki haikupatikana.

Konea ni kile kioo kiangavu kilicho mbele kabisa ya jicho, juu ya mboni. Katikati unene wake ni kama nusu milimita tu, lakini ndiyo inayofanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kuukunja mwanga ili picha iangukie mahali pake nyuma ya jicho. Haina mshipa wa damu hata mmoja. Hupata chakula kutoka kwa machozi na maji yaliyo ndani ya jicho, na oksijeni huivuta kutoka hewani. Kukosa damu huko kuna faida kubwa: askari wa kinga ya mwili hawaifikii kwa urahisi, kwa hiyo mtu anaweza kupokea konea ya marehemu asiye na undugu naye wowote, bila ule msako wa kulinganisha damu na tishu unaofanywa kwa figo. Hasara yake ni uvivu wa kupona. Kidonda cha ngozi hufunga kwa siku chache, ilhali mkato wa konea huchukua miezi, na hata ukifunga, kovu lake halirudii nguvu ya awali.

Kwamba jicho laweza kupokea konea ya mtu baki kulionekana tangu mwanzo. Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, daktari Eduard Zirm alimpandikiza konea kibarua aliyeunguzwa macho yote mawili na chokaa. Konea zilitoka katika jicho la mvulana wa miaka 11, lililolazimika kuondolewa baada ya kujeruhiwa na vipande vya chuma. Upande mmoja uliharibika. Wa pili ulibaki angavu, na yule bwana akarudi kwenye kazi zake. Vitabu vya tiba huuita upasuaji ule wa kwanza kufanikiwa, nao ulifanikiwa kwa nusu, enzi ambazo matone ya kuituliza kinga ya mwili hayakuwa yamebuniwa.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake katika jambo hili. Kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, kilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo kuonyesha kwa takwimu kwamba upandikizaji wa konea unawezekana katika mazingira yetu. Ripoti yao ilichapishwa katika jarida la madaktari wa macho la Uingereza mwaka 1996. Kilichojitokeza wazi humo ni kwamba si kila mgonjwa ana bahati sawa. Wenye keratokonasi walifanya vizuri kuliko wengine wote.

Keratokonasi ni ugonjwa wa vijana. Konea hukonda na kuchongoka mbele kama pia ya kuchezea watoto, na kila mwaka miwani inabadilishwa bila kusaidia. Mara nyingi umetanguliwa na mzio wa utotoni: yale macho mekundu yanayowasha, na mtoto anayafikicha kwa viganja asubuhi mpaka jioni. Kufikicha huko ndiko kunakoidhoofisha konea, na mzazi anayemwambia mwanawe aache hamwonei. Jicho la namna hii, ukiacha umbo lake, lina afya. Halina kovu kubwa wala mishipa ya damu iliyoingilia konea. Ndiyo maana pandikizi hushika.

Hali ni tofauti kwa mwenye chamba, lile kovu jeupe lililobaki baada ya kidonda cha konea, trakoma, surua au dawa ya kienyeji iliyotiwa jichoni. Huyu mara nyingi ana mishipa ya damu iliyotambaa hadi ndani ya kovu, na mishipa hiyo ndiyo barabara ya askari wa kinga kulifikia pandikizi. Anaweza kufanyiwa upasuaji na akafaidika sana, ila anapaswa kuambiwa ukweli tangu mwanzo kwamba jicho lake litahitaji kuchungwa zaidi.

Sasa turudi kwa yule mgonjwa na ukungu wake. Konea mpya huwa imevimba maji. Safu yake ya ndani kabisa ina seli ambazo kazi yake ni kuyasukuma maji nje ili kioo kibaki angavu, na seli hizo kwa binadamu hazizaliani, zikifa, zimekwenda. Zilizosalimika safari ya kutoka kwa marehemu, kwenye hifadhi ya baridi na chini ya mkono wa daktari huanza kazi, na katika siku na wiki zinazofuata ukungu hupungua. Wakati huohuo ngozi nyembamba ya juu inaota upya. Ikishafunika, ule mchanga unapungua na mwanga unaanza kuvumilika.

Kinachobaki ni nyuzi. Pandikizi la konea nzima hushonwa kwa uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele, mara nyingi mishono 16 kuzunguka duara. Ikivuta zaidi upande mmoja, konea inapindika, na mtu huona herufi zenye kivuli, taa ya gari yenye mikia, nguzo iliyoinama. Hapo miwani ya haraka ni hasara ya pesa, maana umbo la jicho linabadilika kila mwezi.

Marekebisho hufanyika kliniki, kwa kawaida kuanzia miezi michache baada ya upasuaji. Mgonjwa anaweka kidevu kwenye mashine ya darubini, paji la uso likigusa utepe wa mbele, na anatiwa tone la ganzi. Daktari ameshapima na kujua ni mshono upi unaokaza kupita kiasi. Kwa ncha ya sindano anaukata, kwa koleo dogo anauvuta, na uzi unatoka. Mgonjwa hahisi zaidi ya kuguswa. Baadhi hushangaa kwamba wiki chache baadaye mistari miwili zaidi ya ubao wa herufi imesomeka, kwa uzi mmoja tu. Nyuzi zilizobaki huondolewa kadiri kidonda kinavyokomaa, mara nyingi baada ya mwaka. Ndipo miwani inapopimwa kwa uhakika, na kwa wengine lenzi ngumu inayoelea juu ya konea ndiyo inayoleta uoni mkali ambao miwani haiwezi kuufikia.

Uzi ukilegea au kukatika wenyewe ni hatari. Ncha yake hukwaruza ukope, hukusanya ute na kuwa mlango wa vijidudu. Mtu aliyezoea jicho tulivu akianza ghafla kuhisi kibanzi kinachochoma asisubiri tarehe ya kliniki.

Kwa upande mwingine, kutoumwa si dalili ya usalama. Upasuaji hukata mishipa ya fahamu ya konea, na mishipa hiyo hurejea polepole sana, kwa miaka, na pengine isirejee yote. Katikati ya pandikizi huwa na ganzi. Uchafu unaweza kukaa, kidonda kikaanza, na mwenye jicho hana habari. Jicho hilo pia hupepesa kivivu na kukauka, ndiyo sababu machozi ya dukani yasiyo na kemikali ya kuhifadhi huandikwa kwa miezi mingi. Watu huyaona kama anasa na kuyaacha kwanza pesa ikipungua. Si anasa.

Dawa kuu ni matone ya steroidi, mara nyingi prednisoloni. Huanza mara nyingi kwa siku, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa mwaka au zaidi. Wengine hubaki na tone moja kwa siku kwa miaka. Chupa ya prednisoloni asiteti huwa na unga unaotuama chini. Asiyeitikisa anatia maji matupu wiki za mwanzo na dawa kali mwishoni. Mikono huoshwa, ukope wa chini unavutwa, tone moja linatosha, kisha jicho linafumbwa na kona ya karibu na pua kubanwa kwa kidole dakika moja au mbili. Dawa ya pili isubiri kama dakika tano, la sivyo inaiosha ya kwanza.

Steroidi ina makali yake. Inaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya na kuharakisha mtoto wa jicho. Kwa hiyo kliniki hupima presha kila mara, na kwa hiyo pia ni kosa kubwa kuendelea kununua chupa duka la dawa bila kupimwa. Kuacha ghafla ni kosa la pili, na ndilo baya zaidi. Huko pwani wapo wanaoyaacha matone mwezi wa Ramadhani kwa kuogopa kufungua. Kwa madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi pwani ya Afrika Mashariki, tone la jichoni halifunguzi. Mwenye wasiwasi na amuulize shehe wake mapema, siyo baada ya siku kumi bila dawa.

Mwili unaweza kulikataa pandikizi wakati wowote: zaidi katika mwaka wa kwanza na wa pili, lakini hata baada ya miaka 20. Dalili ni nne: jicho kuwa jekundu, mwanga kuumiza, uoni kufifia, na maumivu. Si lazima zije zote. Moja ikidumu kwa saa kadhaa inatosha kumpeleka mtu hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa shambulio likiwahiwa kwa steroidi ya kila saa, mara nyingi hurudi nyuma na kioo kikabaki.

Maisha ya kila siku nayo yanadai mabadiliko. Wiki za mwanzo mtu hulala na kinga ya plastiki, hainui ndoo ya maji wala gunia, na hainami kwa nguvu. Muislamu ana ruhusa ya kuswali akiwa ameketi, na maji ya udhu yasiingie jichoni. Moshi wa kuni ni adui. Vumbi la bodaboda ni adui mkubwa zaidi, na miwani ya kawaida isiyo na nguvu yoyote inamkinga abiria vizuri. Kuogelea baharini au mtoni kungoje ruhusa ya daktari. Kwa sababu kovu halirudii nguvu yake, kiwiko cha mpira wa miguu au kichwa cha mtoto anayerukaruka kinaweza kuufungua mshono hata miaka kadhaa baadaye.

Safari hii ndefu ni ya wanaopandikizwa konea nzima. Wenye ugonjwa wa safu ya ndani peke yake sasa wanaweza kubadilishiwa safu hiyo tu. Mholanzi Gerrit Melles ndiye aliyefungua njia hii kuanzia miaka ya 1990. Utando huingizwa kupitia tundu dogo na kubanwa mahali pake kwa kiputo cha hewa. Mgonjwa hulala chali siku moja au zaidi akitazama dari ili kiputo kiusukume juu, na hapandi ndege mpaka kiishe. Uoni hurudi kwa wiki, na hakuna duara la nyuzi la kusubiri. Njia hiyo haimsaidii mwenye keratokonasi, wala mwenye chamba kilichozama kwenye konea.

Nyuma ya yote haya kuna uhaba. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kwa kila konea moja inayopatikana duniani, watu 70 wanaihitaji. Sri Lanka, kisiwa ambacho chama chake cha wachangiaji macho kilianzishwa na Hudson Silva mwaka 1961, kimekuwa kikitoa za kuwatosha watu wake na kupeleka maelfu nje. Kenya ina benki ya macho katika hospitali ya Lions SightFirst, Nairobi, lakini wanaojiandikisha kutoa ni wachache mno kuliko wanaosubiri. Umri mkubwa, miwani au kisukari havimzuii mtu kutoa. Konea hukusanywa saa chache baada ya kifo, uso wa marehemu hauharibiki, na maziko hayacheleweshwi. Wanaotaka kutoa wawaambie watoto wao leo, kwa sababu siku hiyo ikifika ni familia itakayoulizwa.