Mwana au Mpwa? Usaliti wa Fumo Liyongo kwa Jicho la Msomaji wa Kwale

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja katika mighani ya Fumo Liyongo: aliyemwua shujaa huyo alikuwa nani wake? Aghalabu mwanafunzi hujibu kuwa ni mwanawe, kwani ndivyo unavyosema utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka wa 1913. Hata hivyo, yapo masimulizi yanayomtaja muuaji kuwa mpwa, mtoto wa dada. Tofauti hiyo si ndogo.

Mfano wa Ulaya utatusaidia. Katika visa vya Mfalme Arthur na mashujaa wake wapanda farasi, msaliti ni Mordred. Geoffrey wa Monmouth, aliyeandika kwa Kilatini katika karne ya 12, anamtaja kuwa mpwa wa mfalme. Katika kitabu cha Thomas Malory, kilichochapishwa mwaka wa 1485, Mordred ni mpwa na papo hapo ni mwana, aliyezaliwa na Arthur kwa dada yake wa tumbo moja. Masimulizi ya kisasa, kama filamu ya Excalibur ya mwaka wa 1981, yameushika uana huo. Hali kadhalika, mapenzi ya Lancelot na malkia Guinevere hayamo katika kitabu cha Geoffrey. Yalisimuliwa baadaye katika karne hiyo hiyo na Chrétien de Troyes wa Ufaransa. Ni dhahiri kwamba kila kizazi kiliuweka usaliti pale kilipouona unauma zaidi.

Tumrudie Liyongo. Sultani wa Pate alimhofu, akamfunga gerezani. Mama yake akaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kijakazi Saada akaupeleka. Walinzi, waliozoea kumnyang'anya vyakula vizuri, waliudharau mkate huo, na Liyongo akapata kukata minyororo. Baadaye mwanawe aliahidiwa cheo na mke, akamdadisi baba siri yake, kisha akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo alikufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji. Mwana naye hakupewa alichoahidiwa.

Liyongo ni wa kaskazini, Ozi na mlango wa mto Tana. Lakini kisa chake kikisomwa Msambweni au Diani, neno "mpwa" huwa na uzito wa pekee. Kwa desturi ya kale ya Wadigo, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mali ya mwanamume ilirithiwa na wapwa zake. Uislamu ulipoenea, sheria ya mirathi ilimpa mtoto haki, na mvutano juu ya mashamba na minazi ukazuka baina ya watoto na wapwa.

Kwa msomaji mwenye kumbukumbu hiyo, mpwa amwuaye mjomba ni mrithi anayeharakisha kilicho chake, tena anakata uzi uleule unaomfunga na ukoo. Mwana wa Kijumwa ni mtu mwingine. Katika jamii inayohesabu nasaba kwa baba, yeye anauza asili yake mwenyewe kwa ajili ya mke ambaye hata hampati. Kifo ni kimoja, ila uaminifu uliovunjwa si mmoja.

Kwa hivyo, mwanafunzi aendaye nyanjani Kwale kukusanya fasihi simulizi hana budi kuandika istilahi ya ujamaa kama alivyoisikia. Mzee akisema "mpwa", naye akaandika "mwana" kwa kuwa ndivyo alivyosoma darasani, atakuwa amefuta ushahidi wa namna jamii ilivyogawana mali na mapenzi.

Mwisho, tusimsahau Saada. Maswali ya mitihani hupenda sifa za shujaa, na jina la kijakazi huyu hupita bila kuulizwa. Iwe muuaji ni mwana au mpwa, alikuwa na damu ya Liyongo na alitazamia kupata kitu. Saada hakuwa na nasaba naye wala fungu katika urithi wake, na ndiye aliyepita mbele ya walinzi na ule mkate.